SEVA INAPOKATAA KUWAKA BAADA YA KUINGIZWA PROGRAMU MPYA

Maelezo kamili ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jambo ambalo hudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao, ilhali madhara yake humfikia kila mkaazi. Jambo lenyewe ni kule seva, yaani ile kompyuta kuu inayohifadhi kumbukumbu za ofisi na kuzihudumia kompyuta nyengine zote, kukataa kuwaka baada ya kuingizwa programu mpya, khasa ikiwa seva hiyo ni ya miaka mingi.

Mama aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili aandikishwe skuli, mzee anayesubiri pencheni yake, na mgonjwa ambaye kumbukumbu za matibabu yake zimo ndani ya mtambo, wote hao huambiwa neno moja dirishani: "Mtambo haufanyi kazi, rudi kesho." Si haki mwananchi kuambiwa hivyo bila ya maelezo. Wala si haki fundi kulaumiwa kabla ya kujulikana kosa liko wapi. Lakini lililo kubwa kuliko yote mawili ni hili: seva iliyokataa kuwaka, katika hali nyingi, bado imezihifadhi kumbukumbu zote salama. Aghalabu kinachozipoteza si kosa la mwanzo, bali ni mkono wa mtu mwenye haraka aliyekuja kulitengeneza.

1. SEVA HUWAKA KWA HATUA

Kosa haliwezi kutafutwa bila ya kujua njia ambayo mtambo hupita tangu kubonyezwa kitufe mpaka kuanza kazi. Njia hiyo ina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni mtambo kujikagua wenyewe. Programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu, ambayo kwa mitambo ya zamani huitwa BIOS, hukagua prosesa, kumbukumbu ya ndani, feni na diski. Katika seva yenye kumbukumbu kubwa ukaguzi huu unaweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi. Wako waliouzima mtambo mzima kwa kudhani umekufa, kumbe ulikuwa ukijikagua.

Hatua ya pili ni kusoma kipande cha mwanzo kabisa cha diski. Kipande hicho kina baiti 512 tu. Kati ya hizo, 446 ni za maagizo ya kuwashia, 64 ni za orodha ya mgawanyo wa diski, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Maagizo kamili hayawezi kuenea katika nafasi finyu kama hiyo. Kwa hivyo kipande hicho hukiita kipande cha pili, ambacho katika seva nyingi zinazotumia Linux huwekwa katika nafasi iliyo wazi kabla ya sehemu ya kwanza ya diski.

Hatua ya tatu ni programu ya kuwashia, ambayo katika mifumo mingi ya Linux huitwa GRUB, kuonesha orodha ya kuchagulia. Hatua ya nne ni kupakiwa kwa kiini cha mfumo pamoja na faili la kuanzia, ambalo ndani yake mna programu za kuzitambua kadi za diski. Hatua ya tano ni kufunguliwa kwa sehemu zote za diski na kuanzishwa huduma za ofisi pamoja na mtandao.

Fundi anayeitwa kutazama seva iliyokwama, suali lake la kwanza haliwi "nani ameiharibu?" bali "imefika hatua ya ngapi?" Jibu la suali hilo ni nusu ya kazi.

2. MFANO WA JULAI 2020

Mfano ulio wazi wa jambo hili ulitokea ulimwenguni tarehe 29 Julai 2020. Siku hiyo ilitangazwa kasoro ya usalama katika GRUB, iliyopewa jina la BootHole na kampuni ya Eclypsium iliyoigundua. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu mwenye mamlaka ndani ya mtambo kukiruka kizuizi kinachohakikisha kuwa ni programu zilizotiwa saini tu ndizo zinazowasha kompyuta. Watayarishaji wa mifumo ya Linux, wakiwemo Red Hat, Debian na Ubuntu, wakatoa marekebisho kwa pamoja.

Haukupita muda malalamiko yakaanza. Baadhi ya seva za Red Hat za toleo la 7 na la 8 zilipozimwa na kuwashwa, ziliganda kabla ya kuonesha orodha, na kampuni hiyo ikawashauri wateja wake wasiingize marekebisho hayo mpaka yatolewe mengine. Kwa upande wa Debian na Ubuntu, seva kadhaa zenye BIOS ya zamani zilisimama zikionesha katika kioo kwamba jina "grub_calloc" halikupatikana.

Sababu ya hilo la pili inafaa kufahamika, kwani ndiyo inayozikumba seva kongwe. GRUB ina vipande viwili: kimoja kimeandikwa mwanzoni mwa diski, nje ya mafaili ya kawaida, na chengine kimo ndani ya mafaili ya mfumo. Marekebisho yalipoingia, mafaili ya ndani yalibadilishwa. Lakini kile kipande cha mwanzo wa diski hakikubadilishwa, kwa sababu mfumo ulikuwa umeandikiwa kwamba diski ya kuwashia ni nyengine isiyokuwa ile iliyotumika kweli. Huenda diski ilibadilishwa zamani bila ya kuuarifu mfumo. Huenda seva ilinakiliwa kutoka mtambo mwengine. Huenda diski ni mbili na moja tu ndiyo iliyoandikwa. Kipande kipya kikamwita mwenzake kwa jina ambalo yule wa zamani hakuwa nalo, na mazungumzo baina yao yakakatika.

Mambo mawili yanajifunza hapo. La kwanza, kosa lilikuwepo kwa miaka limelala, na programu mpya ililiamsha tu. La pili, hakuna kumbukumbu iliyopotea kwa kosa hilo. Dawa yake ilikuwa ni kuwasha mtambo kwa diski ya uokozi au flashi, kuifungua diski ya seva, na kuiandika upya GRUB katika diski iliyo sahihi kwa amri ya grub-install; na penye diski mbili, kuiandika katika zote mbili. Aliyekimbilia kufuta diski na kuanza upya alipoteza bure kile ambacho kilikuwa salama.

3. SABABU NYENGINE ZINAZOZIKUMBA SEVA KONGWE

(a) Nafasi finyu mwanzoni mwa diski. Diski zilizogawanywa kwa taratibu za zamani huanza sehemu ya kwanza katika kipande cha 63, na kuacha nafasi ya baiti 31,744 tu. Zinazogawanywa kwa taratibu za sasa huanza katika kipande cha 2048, na kuacha nafasi ya karibu megabaiti moja. Programu ya kuwashia imekuwa ikinenepa mwaka hadi mwaka, na inaweza isienee katika nafasi ile ya kale.

(b) Sehemu ya kuwashia kujaa. Kila kiini kipya kinapoingizwa, cha zamani hubakishwa. Sehemu iitwayo /boot, ambayo katika seva za zamani hupewa nafasi ndogo, hujaa. Faili la kuanzia likaandikwa nusu, au lisiandikwe kabisa. Mtambo ukiwashwa, kiini huanza kisha husimama kwa kutoiona diski kuu.

(c) Kadi ya diski kuachwa na mfumo mpya. Toleo la 8 la Red Hat, lililotoka mwaka 2019, liliondoa programu za kadi nyingi za diski za zamani. Seva iliyofanya kazi vizuri chini ya toleo la 7 inaweza kupandishwa kwenda la 8 na ikawa haizioni tena diski zake yenyewe.

(d) Prosesa isiyokidhi. Toleo la 9 la Red Hat, la mwaka 2022, linahitaji prosesa yenye maagizo ya daraja la x86-64-v2. Toleo la 10, la mwaka 2025, linahitaji daraja la x86-64-v3, ambalo kwa prosesa za Intel lilianza na kizazi cha mwaka 2013. Seva iliyo chini ya daraja hilo haitawaka kwa mfumo huo, na hapana ufundi wa kuilazimisha. Hapo tatizo si la kutengenezwa bali ni la kuamuliwa: ama mfumo ubaki ule unaofaa, ama seva istaafu.

(e) Majina kubadilika. Diski au kadi ya mtandao iliyojulikana kwa jina moja huitwa kwa jengine baada ya mabadiliko. Ikiwa orodha ya diski katika faili la /etc/fstab imeandikwa kwa majina ya zamani, mtambo hungoja, kwa kawaida sekunde 90, kisha huingia katika hali ya dharura na kudai neno la siri la msimamizi. Ama kadi ya mtandao iliyoitwa eth0 ikawa inaitwa eno1, seva huwaka barabara lakini haipatikani kutoka kompyuta yoyote, na ofisi nzima hudhani imekufa. Ndiyo maana inapasa mtu aende mpaka penye seva na kutazama kioo chake, badala ya kutoa hukumu akiwa mezani kwake.

(f) Uchakavu uliokuwa umejificha. Seva iliyokaa miaka miwili bila ya kuzimwa haijulikani kama inaweza kuwaka. Betri ndogo ya ubao mkuu, aghalabu ya aina ya CR2032, imekwisha, na mtambo umesahau saa pamoja na mpango wa diski ipi ianze. Diski iliyochoka ilikuwa ikizunguka kwa mazoea, na ilipozimwa haikuweza kuzunguka tena. Katika visiwa, hewa ya chumvi na unyevu huongeza uchakavu huo. Programu mpya hubebeshwa lawama, kumbe kosa lake pekee ni kwamba ilitaka mtambo uzimwe na kuwashwa.

4. HUDUMA YA KWANZA

Seva ikikataa kuwaka, inashauriwa yafuatwe haya kwa mpangilio wake.

Kwanza, kungoja. Mtambo upewe angalau dakika kumi na tano kabla ya kuzimwa kwa nguvu. Kuzima na kuwasha mara kwa mara kunaweza kuongeza madhara katika diski.

Pili, kuandika. Maneno yaliyoko katika kioo yanakiliwe herufi kwa herufi, au yapigwe picha. Taarifa ya "imegoma" haimsaidii fundi kitu. Taarifa ya "imesimama baada ya orodha, na inasema haioni diski kuu" inamfikisha nusu ya njia.

Tatu, kuondoa kilichochomekwa. Flashi iliyosahauliwa nyuma ya mtambo inaweza kuifanya BIOS itafute mfumo mahala ambapo haupo.

Nne, kujaribu kiini cha zamani. Katika orodha ya GRUB mna mlango wa chaguo za ziada, na humo hupatikana kiini kilichokuwa kikitumika kabla ya mabadiliko. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtambo ukiwaka kwa kiini hicho, ofisi ianze kazi, na utafiti uendelee baadaye kwa utulivu.

Tano, diski ya uokozi. Ikiwa orodha haikuonekana au viini vyote vimekataa, mtambo uwashwe kwa flashi ya uokozi, na kumbukumbu zinakiliwe nje kabla ya kugusa jengine lolote. Baada ya hapo ndipo itengenezwe hatua iliyokwama: kuandika upya GRUB, kupunguza viini vya zamani na kutengeneza upya faili la kuanzia, au kusahihisha orodha ya diski.

Sita, kuthibitisha. Seva iliyopona izimwe na kuwashwa tena mbele ya fundi kabla hajaondoka. Iliyowaka mara moja tu haijathibitika.

Na yapo yaliyo marufuku kwa kila asiyekuwa na nakala ya akiba mkononi. Asikubali pendekezo lolote la kuigawa au kuifuta diski. Asibadilishe mpangilio wa diski katika matundu yake. Na kadi ya diski ikiuliza kama ifute au ianzishe upya mpangilio wake, asijibu ndiyo. Jibu hilo la neno moja linaweza kufuta kazi ya miaka ishirini.

5. JE, NI BORA KUTOSASISHA?

Baada ya kusikia yote hayo, mtu anaweza kusema: basi tuache seva zetu kama zilivyo. Fikra hiyo inaeleweka lakini ni ya hatari. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu haribifu iitwayo WannaCry iliitumia kasoro hiyo, ikazikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Waliokuwa wameingiza marekebisho miezi miwili kabla walisalimika na mlango huo.

Kwa upande wa pili, tarehe 19 Julai 2024 marekebisho yenye kasoro ya kampuni ya CrowdStrike yaliziangusha kompyuta za Windows zinazokisiwa na Microsoft kufikia milioni 8.5. Kampuni iliyaondoa marekebisho hayo katika muda usiotimia saa moja na nusu, lakini nyingi ya kompyuta zilizokwisha anguka zililazimu kufikiwa na kutengenezwa moja baada ya moja.

Kwa hivyo wa kwanza aliumia kwa kuchelewa, na wa pili aliumia kwa kupokea bila ya kujaribu. Njia iliyo salama ni ya katikati: kusasisha, lakini kwa matayarisho.

6. MATAYARISHO

Kabla ya kuingiza programu mpya katika seva yoyote, inasisitizwa kwamba:

Nakala ya akiba iwepo, nayo iwe imejaribiwa kurudishwa. Nakala ambayo haijapata kurudishwa ni tumaini tu.

Seva izimwe na kuwashwa KABLA ya mabadiliko. Ikikataa hapo, inajulikana wazi kwamba kosa ni la zamani. Hatua hii haigharimu kitu, na huondoa ugomvi mwingi.

Nafasi katika sehemu ya kuwashia itazamwe, na daraja la prosesa pamoja na kadi ya diski vilinganishwe na masharti ya mfumo mpya.

Umeme wa akiba uwe tayari. Wakaazi wa Unguja hawajasahau giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya kuharibika kwa miundombinu ya umeme utokao Tanzania Bara. Lakini seva haihitaji giza la miezi mitatu. Dakika moja bila ya umeme wakati BIOS inapoandikwa upya inaweza kuufanya ubao mkuu usifae tena.

Kazi hiyo isifanywe mchana wa Ijumaa, wala katika siku za mishahara na pencheni. Ianzwe kwa seva moja isiyokuwa na shughuli kubwa, na nyengine zifuate baada ya siku kadhaa.

Maneno ya siri ya msimamizi yajulikane na watu wasiopungua wawili, na nakala yake iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, katika kabati la Mkuu wa Idara. Isiwe fundi kaenda safari, na ofisi nzima imefungwa nyuma yake.

7. WAJIBU WA DIRISHANI

Mwisho, na hili linawahusu watumishi wote hata wasiopata kuiona seva. Mtambo ukikwama, huduma isikwame nao. Kila ofisi iwe na daftari la karatasi lenye safu zile zile zilizomo katika kompyuta, ili maombi ya siku hiyo yaandikwe kwa mkono na kuingizwa baadaye. Mwananchi aliyefika apewe stakabadhi yenye tarehe na jina la mtumishi aliyempokea, aelezwe ukweli kwa lugha nyepesi, na atajiwe siku ya kurudi ambayo ofisi ina hakika nayo. Aliyevuka bahari kutoka kisiwa chengine kufuata cheti kimoja hawezi kuambiwa "rudi kesho" kila kesho.

Wananchi nao wanaombwa kustahamili pale wanapoelezwa ukweli, na kudai maelezo pale wasipoelezwa. Kumbukumbu zilizomo ndani ya mitambo hiyo ni mali yao: ni majina yao, ardhi zao, tarehe za kuzaliwa kwa watoto wao na jasho la miaka yao ya utumishi. Mtambo unaweza kununuliwa mwengine. Kumbukumbu hizo zikipotea haziuzwi dukani.

Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka ya dakika tano inaweza kugharimu kumbukumbu za umri mzima wa mtu.